Inggih Zangu Tatu

Ushirika wa Mbegu Sri Lumintu,
Delanggu, Klaten,
Java ya Kati.

14 Septemba 2023

Mpendwa mwanangu Damar,

Assalamu alaikum. Mama yako mkubwa ni mzima, ukiacha goti la kushoto na macho, ambavyo haviponi tena, vinazoeleka tu. Wewe hujambo? Unakula? Mama yako ameniambia umekonda na kwamba jioni unakaa ukitazama ukuta. Kula, mwanangu. Huko Batam samaki ni wengi, usinambie hakuna kitoweo.

Mvua hatujaiona tangu Mei. Kisima cha nyuma ya ofisi kimeshuka hadi ndoo inarudi na tope, na majaruba ya mashariki yamepasuka, mguu unazama hadi kifundo. Paka wa ofisi amezaa watoto watatu ndani ya sanduku la ile printa mbovu. Sijawafukuza.

Usishangae kuona nakuandikia kwa kalamu. Simu zangu hupokei, na ujumbe wako wa mwisho, ule wa mwezi wa saba, nimeshindwa kuujibu kwa kidole kimoja juu ya kioo. Uliniuliza hivi: "Mama Mkubwa, nilikuuliza mara tatu kama umenakili kumbukumbu. Mara tatu ukasema ndiyo. Kwa nini ulinidanganya?" Nimelibeba swali hilo wiki saba. Leo nalitua.

Sikusema ndiyo, Damar. Nilisema inggih.

Najua mama yako alikufundisha kwamba inggih ni ndiyo ya heshima. Hakukosea, ila hakumaliza, na wewe umezaliwa huko kisiwani, Kijava umekiokota mezani tu. Huku kwetu mdogo akiitwa na mkubwa husema inggih. Akitumwa, inggih. Akikaripiwa, inggih. Akielezwa jambo asiloelewa hata chembe, inggih vilevile. Maana yake ni nimekusikia na siwezi kukukatalia. Kama ndani yake mna ndiyo au hapana, hilo utaliona baadaye. Hewala haigombi, na sisi ni watu wa kuogopa ugomvi. Tena neno hilo hupanda, halishuki: mdogo humwambia mkubwa, mkubwa hamwambii mdogo wake.

Sasa utaniuliza, kwa nini nikuambie wewe, mtoto niliyepanda meli kuja kukuogesha siku zako arobaini za kwanza? Kwa sababu siku ile hukuwa Damar. Nilikusomea zile tarakimu tisa za kukufungulia kompyuta ya ofisi ukiwa huko huko Batam, ukaniambia nibonyeze "ruhusu", na mara kishale kikaanza kutembea chenyewe, kinafungua na kufunga kazi yangu ya miaka ishirini na sita bila hata hodi. Sauti yako ilikuwa inatoka kwenye simu iliyolala mezani, mbele ya mzee Pak Wignyo, mkuu wangu hapa ushirikani, aliyevaa shati lake la batiki la harusini kwa ajili ya shughuli hiyo. Ulikuwa fundi. Mgongo wangu uliinama wenyewe.

Ulisema, "Mama Mkubwa, kompyuta hii imechoka. Nitaifuta yote, niweke mfumo mpya. Ile programu ya mbegu na kumbukumbu zake ushazinakili kwenye flashi, eh?"

"Inggih." Hiyo ya kwanza maana yake ilikuwa nimekusikia.

"Zote? Na zile za misimu ya zamani?"

"Inggih." Ya pili ilikuwa endelea, mwanangu, usicheleweshwe na mwanamke mzee, una ofisi nyingine zinakungoja.

"Haya, naanza. Tayari kabisa?"

Ya tatu ilikuwa aibu tupu. Flashi nilikuwa nimeichomeka kama ulivyoagiza, na taa yake ya buluu ilikuwa inawaka. Basi mimi nikadhani ikishawaka inajaza yenyewe. Jiko letu la umeme la wali ndivyo lilivyo: taa ikiwaka, wali unaiva, hakuna anayeuliza zaidi. Nilikuwa na shaka kidogo, sikufichi. Lakini nimuulize mpwa wangu swali la kijinga, mbele ya Pak Wignyo, naye amevaa batiki? Nikasema inggih, na wewe ukafuta.

Ilipofika asilimia mia tulipiga makofi. Pak Wignyo akasema, "Kijana wa Batam ni fundi kweli! Kasafisha nyumba nzima na vumbi hajashika." Akaenda zake nyumbani anapiga mluzi. Mimi nikabaki kutafuta mlango wa ile programu ya mbegu. Kompyuta ilikuwa nyeupe, nzuri, inanikaribisha kwa jina langu, na ndani hamna kitu. Kwenye flashi mlikuwa na picha za matembezi yetu ya baharini na barua moja ya kuazima viti.

Sijui kama uliwahi kuelezwa vizuri kilichokuwamo. Ni misimu arobaini na minne ya ule mpunga wa Pak Wignyo wa bua fupi unaonukia. Kila mbegu baba yake nani, mama yake nani, masuke mangapi, upepo wa mwezi wa pili uliulaza au haukuulaza. Tarehe tatu Oktoba watakuja watu wa kusajili mbegu, nao wanataka kuuona ukoo huo tangu msimu wa kwanza. Bila ukoo ni mpunga tu kama mpunga mwingine, hautapewa jina, na yeye jina hilo amelingoja tangu wewe uko shule ya msingi.

Madaftari je? Damar, hapa ndipo ninapotamani ardhi inimeze. Mwaka juzi nilipomaliza kuyachapa kwenye kompyuta, niliyapeleka yote thelathini na moja kwa Yu Painem, yule dada muuza tempe, vipande vya soya vya kukaanga, awe anavifungia. Nilijiona mtu wa kisasa. Baada ya balaa hili nilimwendea mbio.

"Yu, yale madaftari yamebaki?"

"Makubwa! Si ulinishushia mzigo mzima kwa pikipiki, unajitapa ofisi yenu haitaki tena karatasi?"

"Hata ukurasa mmoja, Yu."

"Kurasa zako zimeliwa na Delanggu nzima, dada. Kawaulize matumboni."

Alipoona nalia aliacha kucheka. Alipekua chini ya madebe ya mafuta akanipa kurasa kumi na moja. Nimezianika, nimezipiga pasi juu ya gazeti. Msimu wa tisa nusu, wa ishirini na tatu robo, na zingine mafuta yamekula wino. Ukoo hauungwi kwa vipande hivyo.

Kulikuwa pia na yule bwana wa Solo anayefufua diski. Alikaa nayo wiki mbili, akarudisha majina ya mafaili mia sita, na kila moja ukilifungua ni vijisanduku na alama za kuuliza. Alisema mfumo mpya umeandikwa juu ya maandishi ya zamani, na palipoandikwa juu hapasomeki tena. Alikuwa mpole, hata chai alikunywa kwa huzuni.

Nawe ulijaribu siku tisa kutoka huko. Nilikuwa nawasha kompyuta asubuhi, nakusomea tarakimu, kisha nakaa natazama kishale chako kikihangaika huku na huku. Siku ya tisa kilisimama katikati ya skrini. Sikukusumbua, nilidhani unafikiri. Nilikaa nacho hadi adhana ya alasiri.

Mama yako anasema umeacha kuhudumia ofisi ndogondogo, eti mikono yako ni ya kufuta. Acha maneno hayo. Wewe uliuliza mara tatu, na aliyejibu ni mimi. Wala sikuandikii ili ujaribu tena, maana cha kujaribu hakijabaki. Matumaini sina, na kukudanganya tena sitaki.

Sasa habari ambayo mama yako alikuficha. Mwezi wa nane Pak Wignyo alipooza upande wa kulia. Yuko nyumbani, kitanda chake kimesogezwa dirishani aone jaruba lake. Wanawe wameniomba nisimweleze ya kompyuta, na tangu mwanzo nilikuwa nimemwambia tu kwamba imekwama kidogo, fundi anaifungua. Kila siku saa tisa naenda kumsalimu. Maneno yamemtoroka, limebaki moja analoliweza, nalo ndilo ananiuliza nikiwa bado mlangoni:

"Tayari?"

Nami namjibu, "Inggih."

Juzi aliuliza tena, nikajibu tena. Akainyoosha shuka kwa mkono wake mzima, taratibu, hadi ikawa haina kunyanzi. Kisha akaukusanya mdomo wake mzito akaniambia mimi, karani wake:

"Inggih."

Miaka ishirini na sita amenituma, amenigombeza, amenitania mbele ya wageni. Neno hilo hajawahi kunipa hata siku moja. Nilimpangusa mate, nikatoka nje, nikalia kisimani pale ambapo hakuna maji.

Nisalimie mama yako Warsini, mwambie viatu alivyoniletea bado vinanibana lakini navaa. Msalimie dada yako Tantri na mumewe, na umbusu mtoto wao kwenye kisigino, kama tulivyokuwa tukikufanyia wewe. Yu Painem naye anakusalimu, ingawa hakujui. Siku hizi kila ninapopita ananisalimia kwa sauti ya chini.

Mwenyezi Mungu akurudishie usingizi na hamu ya chakula, akujalie ulimi mwepesi wa kusema "sijui", maana mimi sikuupata. Rudi kazini. Na ukiwa unawauliza wazee kama sisi, usiulize "tayari?" Waambie "nionyeshe."

Ni mimi mama yako mkubwa akupendaye, na hii ni ndiyo, si inggih,

Sulasmi