Matope Tumerudi Kwenye Ramani

Mpaka umesongeshwa. Nafula amenipigia simu saa sita mchana, nikiwa nimeinama juu ya karai la nguo, akasema, "Mama, wamekubali. Matope iko kwenye ramani." Nikakaa hapo hapo kwenye ngazi, sabuni imenifika viwikoni.

Sasa ndio nisalimie. Hamjambo nyote mnaosoma. Leo ni Jumanne, na baridi ya Eldoret ni ile ya kuingia mpaka mifupani. Mvua ilianza kabla sijaanua nguo. Zimelowa zote na wala sijali.

Kwa mwenye hajawahi kupita hapa: Nafula ni kifungua mimba wangu. Anafanya kazi ofisi ya mipango mjini, kuchora ramani kwa kompyuta. Tangu Eldoret iitwe jiji, ofisi yao inapanga mitaa upya, huu unaishia wapi na ule unaanzia wapi, na kila mtaa upate jina rasmi na kamati yake. Mimi niliachia shule darasa la saba. Huyu wangu anauangalia mji mzima kutoka juu, kama ndege. Nimesema hivyo kanisani, sokoni, na kwa foleni ya kinu cha posho, na nitasema tena. Anayechoka kusikia azae wake.

Sisi tunakaa Matope. Ni bonde dogo chini ya mtaa wa Kimumu, na kijito kinapita katikati. Upande huu niko mimi na majirani zangu. Ng'ambo yuko rafiki yangu Mama Wanjiru na duka lake, na nyumba zingine. Tunavuka kwa daraja la mbao ambalo kila mwaka tunaomba litengenezwe. Mfereji wa kuchota maji ni mmoja, uko ng'ambo, na kikundi cha akina mama ni kimoja. Mtu akifiwa huku, sufuria zinatoka kule.

Mvua ikinyesha hivi, huendi popote bila gambuti, zile buti za mpira.

Na hapa nina kitu cha kuungama.

Miaka yote hii nimekuwa nikiambia watu ninakaa Kimumu.

Nyumbani Kakamega wanajua ni Kimumu. Mchungaji anajua ni Kimumu. Kule juu kuna lami na nyumba za ghorofa, na mtu akisikia hilo jina anakuangalia mara ya pili. Majirani wa upande huu wakaniiga, tukazoea. Mama Wanjiru ndiye alikuwa anacheka. "Kimumu gani hii inakupeleka kanisani na gambuti, viatu umebeba kwa mfuko?" Nami namjibu, "Wacha wivu. Kila mtu na mtaa wake."

Ona vile nilisema.

Basi watu wa ofisi walipokuja na fomu, swali la kwanza lilikuwa mtaa wenu unaitwaje. Mimi, kwa sababu niko na mtoto huko, nilijiona kama wageni ni wangu. Nikawatangulia mlango kwa mlango nikiambia majirani, semeni Kimumu, itatusaidia. Upande huu wote wakasema Kimumu. Ng'ambo wakasema Matope, kwa sababu ndiyo ukweli.

Ramani ya kwanza ilipobandikwa kwa ofisi ya chifu, nilimshika Mama Wanjiru mkono twende aone kazi ya mtoto wangu. Mpaka ulikuwa umefuata kijito. Sisi tumemezwa na Kimumu. Nyumba za ng'ambo pekee hazikutosha kuitwa mtaa, kwa hivyo wao wamesukumwa kwa mtaa mwingine, wa watu hata hatuwajui, wakaenda na mfereji wetu. Daraja limebaki mpakani, si la hawa wala la wale. Neno Matope halikuwa mahali popote.

Mama Wanjiru alisoma mara mbili. Halafu akasema polepole, "Kwa hivyo mimi na wewe si majirani." Akafunga leso vizuri, akatangulia kurudi.

Sikuweza kumfuata.

Jioni Nafula alikuja kula. Nikamwambia afute huo mstari, si ni yeye anashika kalamu? Akaweka kijiko chini.

"Mama, sisi tunachora vile watu wamesema. Ni nani aliwaambia waseme Kimumu?"

Nikaanza kukusanya sahani kabla hajamaliza kula, na akajua. Hakunikemea. Alisema njia ni moja: kila nyumba iliyoandikwa vibaya ijaze fomu ya kurekebisha na mwenyewe atie sahihi, kabla ya siku za malalamiko kwisha. Na yeye hangegusa hata fomu moja, wala mpaka wenyewe, kwa sababu mimi ni mamake. Kipande chetu angemwachia mwenzake.

Siku hiyo nilimjivunia kuliko siku alivaa joho. Pia nilimkasirikia sana.

Asubuhi nilivuka daraja. Mama Wanjiru alikuwa anapima sukari, hakuinua macho. Nikasema pale pale mbele ya wateja kwamba ni mimi. Nilisema Kimumu kwa kiburi, na nikafanya wengine waseme.

Akafunga ule mfuko wa sukari, akampa mwenyewe. "Nilijua ni wewe," akasema. "Nilikuwa nangoja uvuke."

Halafu akatoa gambuti zake chini ya kaunta.

Tulipiga hodi kila nyumba ya upande huu, mimi naungama, yeye ameshika fomu zisilowe. Baba Kiprono, yule seremala, alituangalia weee. "Mama Nafula, juzi ulituuzia Kimumu, leo unatuuzia Matope. Bei imeshuka?" Nikamwambia hii ni ya bure, weka sahihi. Mama mmoja alikataa kabisa, eti ameshaambia wakwe wa binti yake kwamba wanatoka Kimumu. Nilimwelewa kuliko alivyojua. Tulirudi kwake mara tatu, na mara ya tatu tukanywa chai yake mpaka birika likaisha. Akatia sahihi ili tuondoke.

Na leo wamekubali. Mpaka mpya umepita juu, kwa lami. Kijito kiko ndani yetu, na daraja, na mfereji, na duka. Ni kweli mkono uliochora si wa Nafula. Lakini mimi nitaendelea kusema ni ramani ya Nafula. Kujiweka kando pia ni kazi, na si kila mtoto angeiweza akiwa na mama kama mimi.

Nimempigia dada yangu Kakamega nikamwambia jina la mahali ninakaa. Alicheka mpaka akakohoa. Sijafa.

Swali langu kwangu mwenyewe ni hili: nilikuwa naogopa nini miaka hiyo yote?

Kumebaki jambo moja, na ndilo limenifanya niandike hata kabla ya kuanika nguo upya. Ofisi inakuja kuusoma mpaka mbele ya watu, na wakaazi wainue mikono. Mikono ikiwa michache, inarudi ile ramani ya kwanza, na mimi na Mama Wanjiru tunatenganishwa tena. Yeye amesema atafunga duka, na huyo hajawahi kulifunga hata Krismasi. Baba Kiprono analeta mabenchi. Msiniambie mko na shughuli. Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi, watu wote wa Matope, upande huu na ng'ambo.