Grafu ya Asali ya Kasigau

Dubai, Jumapili

Baba mpendwa,

Mguu wako unasemaje? Na kifua cha Mama? Tafadhali usinijibu tu "hatujambo". Mara ya mwisho mliniambia hivyohivyo, kumbe Mama amelazwa Voi siku ya tatu. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanichosha.

Kaka Mwakio amenitumia picha za karatasi za wale wageni wa asali. Eti uwakodishie shamba lote miaka ishirini, na sahihi wanaitaka Ijumaa. Mbona haraka? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hawa wamejitembeza mpaka Kasigau kwa barabara ile mbovu! Niliwashuku kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa pili ulinikata maini. Wameweka grafu kuonyesha kwamba soko la asali ya kwetu litakuwa kubwa ajabu. Grafu hiyo naijua, Baba. Niliichora mimi.

Ndiyo kazi yangu huku. Mtu akitaka kujua biashara mpya inaweza kukua kiasi gani, mimi huchukua takwimu za serikali, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma, nikakadiria. Bosi alinipa asali. Nilichukua idadi ya mizinga, nikazidisha kwa asali ya mzinga mmoja. Nikasifiwa sana.

Unamkumbuka karani wa serikali aliyekuja kuhesabu mizinga nikiwa hapo nyumbani likizo? Ulimwambia, "Andika hiyo yote iko kwa waya, karani." Akaandika, na kwa majirani vilevile. Kila mtu hapo kijijini anajua mingi kwenye waya wa kuzunguka mashamba ni maboksi matupu ya kutishia ndovu, hayajawahi kuingiwa na nyuki. Hukumdanganya, hakuuliza. Lakini mimi nilikuwepo, na bado niliketi mezani nikayajaza asali yote. Naona haya, Baba.

Nimemweleza bosi. Amesema ripoti imeshauzwa, ninyamaze. Sasa hata yeye simwamini.

Msalimie Mama, na Mwakio, na shangazi mwalimu kule Wundanyi. Mwambie jirani yetu mama Mghoi asitie sahihi naye, maana najua watapita kwake.

Ijumaa wakifika, waambie aliyechora ile grafu ni binti yako, na anasema si kweli. Wakiuliza kama ameruhusiwa kusema hivyo, waambie hapana, na jina lake uwape.

Wako akupendaye,
Wakesho