Bastola Iliyolegezwa kwa Ajili ya Marlene

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Clover Bend, Idaho
Jumapili, tarehe 9 Juni 2024

Jina: Wilondja Asukulu Etienne
Umri: Miaka 74
Kazi: Mstaafu, zamani mwalimu wa jiografia
Makazi: Mtaa wa Larkspur, Clover Bend

Ninatoa maelezo haya kwa hiari yangu, na nimeomba niyatoe kwa Kiswahili, kwa sababu katika jambo hili sitaki neno liniponyoke. Mimi ni mzaliwa wa Fizi. Niliishi katika kambi ya wakimbizi Kigoma miaka minane, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili hapa Clover Bend. Lyle Tibbets na mkewe Marlene ni majirani zangu. Upande wao wa pili anakaa Cody Yarbrough, kijana fundi wa mapaa. Yeye ndiye aliyepigwa risasi.

Mnamo tarehe 8 Juni, siku ya Jumamosi, yapata saa tisa alasiri, Lyle aliniita gerejini kwake. Alikuwa ametandika kitambaa mezani, na bastola iko juu yake. Nilikotoka, mtu akitoa silaha watu hukimbia. Hapa nilijifunza kuvuta kiti. Wanaume wa mtaa huu huagiza vipuri vya bastola kwa posta na kuvifunga wenyewe nyumbani, na jirani hualikwa kutazama.

Bastola ni ya Marlene. Ana yabisi ya viungo, na vidole vyake vimepinda. Tangu majira ya baridi alikuwa hawezi tena kuvuta sehemu ya juu ya bastola ili risasi iingie. Wakati wa mavuno ya viazi Lyle huendesha lori usiku, na mkewe hubaki peke yake. Kwa hiyo Lyle alikuwa amenunua springi laini na kifyatulio chepesi, ambavyo si vya kiwanda kilichoitengeneza.

Kabla ya kuanza, Lyle alichomoa magazini, kile kikasha cha risasi, akahakikisha mtutu ni mtupu, akapeleka risasi zote jikoni. Nilimwona. Naomba hilo liandikwe.

Kazi ilichukua kama saa moja. Marlene alikuja akakaa nasi, akaanza kumtania mumewe. Aliniambia, "Profesa, huyu alitengeneza bomba la jikoni mwaka juzi, tukaoga kwa Cody wiki nzima." Lyle alimjibu kwamba bomba lilikuwa na roho mbaya, si yeye. Profesa ni jina walilonipa wao. Sikuwahi kuwa profesa.

Lyle alipomaliza alimpa mkewe ajaribu. Marlene alivuta, ikarudi nyuma bila taabu. Alinitazama kwanza mimi, kisha mumewe. Ukutani kuna kalenda yenye picha ya kulungu. Alimlenga kulungu, akafyatua, ikalia tiki. Akarudia tena na tena, anacheka. Nami nilicheka. Ninamjua mama huyu miaka mingi. Lyle humkatia nyama, humfungulia makopo, humfungia vifungo vya koti. Sijapata kumwona akifurahia mikono yake namna ile.

Kisha Lyle aliichukua bastola, akaingia nayo ndani. Kwao silaha haihifadhiwi tupu. Lyle mwenyewe husema kwamba bastola isiyo na risasi ni nyundo mbovu. Aliporudi, magazini ilikuwa imeshapachikwa, risasi zimo. Aliilaza juu ya kitambaa, akasema, "Basi, imekwisha," akageuka kukusanya vipuri vya zamani.

Mimi niliiona magazini. Sikusema kitu, kwa kuwa nilidhani kila mtu anaona ninachokiona.

Marlene alisema, "Mara moja tu, ya mwisho." Akaichukua, akaivuta kama alivyokuwa akiivuta, akamlenga kulungu, akafyatua.

Ukuta ule ni wa mbao nyembamba. Nyuma yake Cody alikuwa akikata nyasi tangu mchana, na mashine yake hujizima mtu akiachia mpini. Masikio yalikuwa yakinivuma, lakini nilitambua kwamba mashine imenyamaza. Lyle pia alitambua. Alitoka mbio.

Tulimkuta Cody amelala chini, damu inamtoka pajani. Lyle alimfunga paja kwa mkanda wake wa suruali. Cody aliuliza nani amepiga. Lyle akasema, "Mimi, mwanangu. Usiongee." Cody alisema, "Sasa nani atamaliza paa la kanisa?" Halafu akazimia. Nimeambiwa kwamba mfupa umesagika na madaktari hawajui kama atapanda ngazi tena.

Kabla askari hawajafika, Lyle alinishika mkono penye uzio. Alisema, "Nilikuwa nimeishika mimi. Umenielewa, Profesa? Vipuri nimefunga mimi, risasi nimeweka mimi. Kilichobaki ni kidole tu."

Aliwaambia askari kwamba yeye ndiye aliyefyatua, akachukuliwa. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na sikumsahihisha.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Marlene. Nilimkuta amevaa koti, vifungo vimekwenda upande. Nilitaka kumsaidia, akarudi nyuma. Nilimweleza aliyoniomba mumewe. Alisema anajua, maana ndivyo Lyle alivyo. Nilimwambia kwamba nikisema kweli Lyle hatanisamehe.

Alisema, "Atanuna, halafu atazoea. Etienne, mimi namshukuru kwa yote anayonifanyia. Lakini mguu wa Cody sitamwachia abebe yeye. Nipeleke kituoni."

Nimemleta. Yuko kwenye benchi, nje ya mlango huu.

Lyle ni rafiki yangu, na huenda baada ya leo sina tena rafiki katika nyumba ile. Nimeyaeleza niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu. Nimesomewa, nami nayakiri kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: W. A. Etienne

MAELEZO YA AFISA: Maelezo haya yamechukuliwa kupitia mkalimani na kusomwa mbele ya shahidi. Alipoulizwa kama anataka kufuta lolote, alisema hapana. Marlene Tibbets ameingia mara tu shahidi alipotoka, akakiri kushika silaha na kuifyatua. Kalamu ilimponyoka mara kadhaa wakati wa kutia sahihi. Ameomba asisaidiwe. Tumemsubiri.

Sajini D. Kessinger