Benchi la Umma

Kwa kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za watoto, ambao bahasha yako ilipofika waligombania stempu mpaka ikachanika vipande viwili, kila mmoja akabaki na chake na wote wakalia. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kazi hazijakuelemea. Sisi huku hatujambo kwa kiasi cha kutosha, kikohozi cha vumbi tu, na hilo vumbi unalijua. Habari za baba nitakueleza, kwani najua ndiye uliyemwulizia. Mimi umenikumbuka mwishoni kwa mstari mmoja, lakini sijanuna.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka mikunjo imelegea. Umeuliza jambo moja: kama baba amekusamehe. Umesema akiwa amekusamehe utakuja, na kama bado, hutaki kuja kumwongezea machungu uzeeni. Kaka, jibu ninalo. Ila si la neno moja, na nikilitaja hapa juu hutalielewa. Wewe ulikuwa diwani, unajua kikao hakianzi na mengineyo. Nivumilie nifuate ajenda.

Baraza letu la mji ni lilelile. Bado mimi ndiye karani wa vikao, bado nakaa kwenye kimeza kilicho mbele ya mwenyekiti nikiandika nani kasema nini, na bado waheshimiwa wanasema mengi kuliko yanayoandikika. Kikao kilichopita tulishinda mchana kutwa kwenye choo cha stendi, kama kitiwe mlango mpya au aajiriwe mlinzi wa kuulinda mlango wa zamani, ambao umeshaibwa. Gari la taka limelala. Afisa afya alisema linasubiri kipuri, mwenyekiti akamjibu kwamba kipuri hicho kimesubiriwa tangu afisa mwenyewe ana nywele. Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikaandika kuwa taarifa imepokelewa. Nilikukumbuka. Wewe ulikuwa ukiugombania mtaro mmoja utadhani ni mtoto wako aliyenyimwa shule.

Mlango wa nyuma wa ukumbi bado unaachwa wazi, maana kanuni inasema kikao ni cha hadhara, na benchi la umma liko palepale ukutani. Umma wenyewe hauji, una shughuli zake. Anayekuja ni baba.

Najua hukuwa na habari hii. Alianza baada ya wewe kuondoka mjini. Siku hiyo ya kwanza alivaa koti lake la kijivu, akakaa, akaweka mikono juu ya fimbo, akatazama mbele. Mwenyekiti alikosa raha, akaamini mzee amekuja kudai kibanda chake cha kunyolea, kilichobomolewa kupisha stendi. Akamtuma mwanasheria wa halmashauri akamwulize kama ana swali la kuleta kwa maandishi. Baba akajibu kwamba hana swali, amekuja kusikiliza. Kikao kilichofuata akaja tena, na kingine, mpaka wakamzoea. Siku hizi mwenyekiti, kabla hajauliza kama akidi imetimia, hutazama kule nyuma na kuuliza kama umma umefika. Baba huinua fimbo, watu hutabasamu, na kikao hufunguliwa. Hata mtaani wanamwita Mzee Umma, na yeye huitika.

Mimi pia nilidhani anakuja kwa ajili ya kibanda. Nani asingedhani? Siku ile ya kura ya kupanua stendi alikuja kukuona ukifanya kazi. Aliwaambia wateja wake kwamba kinyozi leo hanyoi, anakwenda kumsikiliza mwanawe. Hakujua kilicho kwenye ajenda, na wewe hukumwambia. Mwenyekiti akaomba wanaoafiki wanyooshe mikono, na mimi ndiye niliyeihesabu. Kwenye kumbukumbu hatuandiki majina ya waliopiga kura, lakini haikusaidia kitu, kwa kuwa baba alikuwa ameshauona mkono wako. Alitoka bila kugeuka. Baada ya hapo mkaishi mji mmoja kama watu wasiojuana. Uchaguzi ukaja, Chaji muuza betri akakushinda, ukafunga begi lako ukaenda. Sikulaumu kwa ile kura, na sijawahi. Stendi ilikuwa finyu, watu walikuwa wakigongwa pale. Nayarudia haya kwa sababu ya yanayofuata.

Kaka, baba anasahau. Nilikuficha, nikidhani ni uzee wa kawaida. Ilianza kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kukunja uso, nikafikiri ananitania. Kisha akaanza kuniuliza kama mama amesharudi sokoni. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba mama tulimzika sote pamoja, na yeye ndiye aliyetangulia kutia udongo. Alilia kilio cha siku ileile ya msiba. Siku hizi nikiulizwa nasema bado hajarudi, naye husema foleni za siku hizi ni ndefu. Daktari ameniambia akili imechoka na haina dawa ya kuirudisha, tusimgombeze, tumfuate anakokwenda. Lakini siku za kikao hakosei. Sijui anazijuaje. Atanyoa ndevu, atavaa koti, nami nitamkuta mlangoni ananingoja kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha.

Barua yako ilipofika, nilimsomea. Nilichagua asubuhi, wakati anapokuwa mwepesi. Alinisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akauliza ni nani aliyeandika. Nikamwambia ni mwanao, anataka kujua kama umemsamehe. Akacheka, kile kicheko chake cha kufumba macho.

"Aandike barua ya nini, binti yangu? Nimemnyoa juzi hapa uani. Mambo yetu tumeyamaliza."

Nilikunja barua nikatoka kupatazama pale. Kwa sababu juzi yake nilikuwa nimefagia nywele uani, nikadhani amewanyoa wanangu, kumbe vichwa vyao vilikuwa vichaka vilevile. Sikujua pa kuyapeleka mawazo hayo mpaka siku ya kikao. Tukiwa tumeshakaa, Chaji akaingia amechelewa, kama kawaida yake, akapita mbele yangu akaenda kukaa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha. Unajua Chaji anavyopenda mitindo ya vijana. Siku hiyo alikuwa amenyolewa fupi juu ya masikio, na njia imechanwa upande wa kushoto, imenyooka kama rula. Kaka, mkato ule ni wa baba peke yake. Ndio ulionyolewa miaka yote ya shule ukilalamika kwamba wenzako wanakucheka. Waheshimiwa nao walimcheka, mmoja akamwuliza kama amerudishwa darasani. Kwa nyuma, kwa kufumba na kufumbua, nilidhani ni wewe. Kumbukumbu za siku hiyo nilizirudia kuandika nyumbani, maana nusu yake sikuisikia.

Kikao kilipofungwa nilimfuata kwenye korido. Nilimfuata na hasira, usinifiche kwamba nawe ungekuwa nazo. Nilitaka kujua anamtafutia nini mzee wetu. Chaji hakubisha. Alisema alikuwa akitafuta namna ya kuniambia, na haya ndiyo aliyonieleza.

Tangu vikao vyake vya mwanzo baba alikuwa akimsubiri mlangoni, anampa mkono na kumwuliza kama amekula. Yeye alifikiri ni ukarimu wa mzee kwa diwani wake. Kisha siku moja baba akamwita kwa jina lako la utotoni, lile ambalo ni sisi tu tunaolijua, na akamwuliza mbona siku hizi haji nyumbani. Hapo Chaji akaelewa. Kwa baba, anayekaa kwenye kiti kile karibu na dirisha ni wewe. Kumbe hakuwa akija kwa sababu ya kibanda. Alikuwa akija kukutazama. Chaji alijaribu kumsahihisha, akamwambia mzee, mimi si mwanao. Anasema baba alitazama huku na huku kama mtu aliyeamka katika nyumba ya wengine, na Chaji akashindwa, akamwambia, nakutania tu, baba. Tangu siku hiyo kila kikao kikiisha humwambia shikamoo baba, na baba huitikia marahaba, wanashikana mikono mpaka nje.

Siku ya kunyolewa alikuwa anapita mbele ya nyumba yetu amebeba betri ya mteja. Baba akamwita, akamwuliza kama hizo nywele ni za diwani au za mwenda wazimu. Akamkalisha kwenye kigoda, akamfunga kanga ya mama shingoni, akaleta mkasi wake. Chaji aliogopa, alijua mkono wa mzee unatetemeka hata akishika kikombe. Anasema mkasi uliposhika nywele, mkono ulitulia. Na huku ananyoa, baba alianza kusema. Nayaandika kama Chaji alivyoyasema, na mimi kazi yangu ni kuandika maneno ya watu bila kuyaongezea.

"Mwanangu, siku ile uliponyoosha mkono, niliumia. Si kwa sababu ya kibanda. Kibanda kilikuwa mbao na mabati. Niliumia kwa kuwa jambo lile nililisikia mbele za watu. Ungekuja ukaniambia nyumbani, ningekibomoa kwa mikono yangu mwenyewe, stendi ipate nafasi. Lakini nami nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyompasa baba. Basi. Yameisha. Usiyabebe tena."

Kisha akampangusa shingo, akampulizia nywele zilizobaki, akamwambia inuka.

Chaji alipomaliza kunieleza alikuwa anatazama chini. Alisema, "Dada, nimepokea kitu kisicho changu, na sijui nikirudishe wapi." Huyu ndiye Chaji uliyeapa kwamba hutamwamkia maisha yako yote. Nililia pale pale koridoni, nimekumbatia jalada la kikao, wahasibu wanapita wanafikiri nimefiwa, na yeye amenishikia kalamu.

Sasa unalo jibu lako. Baba amekusamehe. Amekusamehe kwa sauti, mkono wake ukiwa kichwani, ila kichwa hakikuwa chako. Na sidhani kwamba atarudia. Nilijaribu. Nikimtajia kibanda ananiuliza kibanda gani, na nikimtajia kura ananiuliza kwani uchaguzi umekaribia. Kilichomuuma kimeondoka, na kimeondoka pamoja na habari zake zote, hakuna tena wa kukuambia yameisha. Hili linaniuma kuliko nilivyoweza kuliandika. Nimefuta mistari mitatu hapa.

Na kuna moja la kukiri, bora ulisikie kwangu. Chaji aliniuliza kama aache. Mimi ndiye niliyemwomba aendelee. Nilimwambia aendelee kumwamkia, aendelee kuitika jina lako, na nywele zikiota arudi uani. Ukikasirika nikasirikie mimi. Wewe hukuwepo, kaka, na mzee alihitaji mwana wa kumwuliza kama amekula.

Lakini njoo. Usingoje kuulizwa wala kuitwa mara ya pili. Chaji amesema siku utakapofika atakurudishia maneno yote, neno kwa neno, wala hajamwambia mtu mwingine. Alitaka hata akupishe kile kiti siku hiyo ukikalie wewe, nikamwambia kanuni hairuhusu asiye mjumbe kukaa mezani. Akasema kanuni zetu zina roho mbaya. Kwa hiyo utakaa nyuma, kwenye benchi, pembeni ya baba. Pana nafasi ya kutosha.

Watoto wanakusalimu tena, na wanaomba stempu mbili safari hii, za kufanana. Jirani yetu mshona nguo anakusalimu, anauliza kama bado una kiuno kilekile. Msalimie shemeji yangu, mwambie namshukuru kwa kitambaa, nimeshakishona. Nami nakuombea safari ya heri.

Mengineyo ni moja tu. Utakapoingia ukumbini, mwamkie baba, mpe mkono. Huenda akakutambua, Mungu ni mkubwa, na kila siku naomba iwe hivyo. Lakini asipokutambua usiondoke. Na kikao kikishaanza, usishangae akikugusa kwa fimbo, taratibu, kwa adabu ile anayompa mgeni yeyote, akakuomba usogee kidogo, kwamba unamziba, hamwoni mwanawe.

Sogea, kaka. Sogea tu, ukae naye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
karani wa vikao