Khupa ya Munira

Jumanne, 12 Agosti

Vidonge vya asubuhi. Ndege za uwanja wa hapa Richfield, huku ughaibuni, juu ya paa. Miguu imevimba tena.

Nilikuwa navaa soksi ujumbe wa mjukuu wangu Munira ukaingia: wanatafuta chuppah ya bei nafuu kwa ajili ya harusi, nikisikia mahali nimwambie. Nikasoma chupa. Nikashika ukuta hadi jikoni, nikaitoa ile chupa ya chai yenye maua, nikaipiga picha, nikamtumia. Asinunue, hii bado inatunza joto.

Akapiga simu akicheka mpaka akakohoa. "Bibi, si ya chai! Ni ya kusimama chini yake!"

Kumbe ni kitambaa kinachotandwa juu ya nguzo nne. Maarusi wa Kiyahudi hufungishwa ndoa chini yake. Mwanzo wa neno hutamkwa kooni, kama kha ya kheri. Munira kazaliwa huku, hawezi, anasema hupa. Mimi nililitamka mara moja. Mchumba wake, Daniel, alikuwa karibu na simu, akapiga makofi.

Nilicheka nao. Nilipokata simu nililia. Mwanangu Fahmi, baba yake Munira, alikuwa chumba cha pili. Alisikia yote. Hakutoka.

Alhamisi, 14 Agosti

Kwa Fahmi hakuna harusi. "Hakuna nikaha, mama, basi hakuna ndoa." Tangu Ramadhani hajalitaja jina la binti yake. Binti wa pekee, na mama yake, Rahma, alifariki Munira akiwa bado shule.

Nimefundisha historia Mombasa mpaka nikastaafu. Hoja za pande zote nazijua. Hazinisaidii kitu.

Daktari kasema moyo umechoka, wala hakuzungusha maneno. Fahmi anajua. Munira nimemwambia ni uzee tu. Akijua ataahirisha harusi, na mimi sitaikuta.

Ninachotaka ni kimoja. Fahmi awepo.

Jumapili, 17 Agosti

Daniel alitupeleka Maplewood, kwenye duka la kukodisha vitu vya harusi. Khupa za mbao nyeupe, maua ya bandia, pazia kama za hoteli. Munira aliuliza bei, kisha akaomba maji ya kunywa. Nyingine tukaikuta kwa mtu aliyeitangaza mtandaoni. Hema la bustani. Linanuka nyama choma.

"Angalau wageni watakuja na njaa," Daniel akasema. Munira akampiga bega. Nampenda kijana huyu. Nimeshaliandika, silifuti.

Rabi wa kina Daniel, kiongozi wao wa dini huko Golden Valley, ni mwanamke mpole, aliyekubali kuwafungisha bila yeyote kubadili dini. Jioni aliwaambia kwa simu wasihangaike. Kitambaa chochote kinatosha. Fimbo nne, na watu wanne wanaowapenda, wasimame kwenye pembe wakishikilie juu.

Munira akaruka kwa furaha. Mimi nikaganda. Kwetu nguo hushikwa hivyo juu ya kaburi la mwanamke, asionekane anapoteremshwa.

Nikasema kitambaa ninacho.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimekitoa kisutu changu sandukuni. Leso ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, doti nzima, haijakatwa. Nilikuwa namwekea Munira aivae siku ya nikaha yake. Sasa itakaa juu ya kichwa chake badala ya mwilini. Nimeswali adhuhuri nimekaa, kisha nikaanza kupinda ncha. Sindano imenichoma zaidi ya ilivyokichoma kitambaa.

Niseme hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia. Si kwamba naivumilia tu ndoa hii. Naitaka. Dini yangu nimeishika tangu utotoni, na naitaka. Naondoka, na sitaki kumwacha yule mtoto peke yake. Nitaulizwa kaburini. Jibu langu ni hilo, sina jingine.

Jumatano, 20 Agosti

Munira amepata watu watatu: kaka wa Daniel, na wenzake Munira wawili wa kazini. Fimbo ya nne amemwekea baba yake. Hathubutu kumwambia. Kanituma mimi.

Nilimwambia Fahmi wakati wa chai. Nilijiandaa kwa ugomvi wa dini. Hakuigusa dini.

"Nguo juu, watu kwenye pembe," akasema. "Mama, mimi ndiye niliyeingia kaburini kumpokea Rahma. Ile nguo niliitazama kutoka chini. Leo unataka niishike juu ya mtoto wake?"

Kumbe naye aliona nilichoona. Mimi nikashona, yeye akafunga mlango. Sijui nani kati yetu ana haki.

Jumapili, 24 Agosti

Fahmi alitoka chumbani amevaa kanzu safi. Nikapata tumaini, nikalificha asilione.

Alinipeleka mpaka kwenye bustani ya harusi, kule Golden Valley. Akanishusha kwenye kiti cha magurudumu, akanifunika magoti, akanisukuma hadi mwisho wa njia. Kisha akarudi garini. Akapandisha vioo.

Munira alisimama akilitazama lile gari. Wageni walingoja. Hatimaye akaniletea mimi fimbo ya nne. "Bibi, utaweza?"

Niliishika nimekaa. Pembe yangu ikawa chini. Kisutu kikaelemea upande wangu, na Munira, mrefu kama mama yake, akainamisha kichwa muda wote alipokuwa akiolewa. Watu walidhani ni heshima. Mikono iliniwaka moto. Sikuiachia.



Jumanne, 26 Agosti

Naandika nimelala. Kalamu nzito.

Munira alipiga simu. Ana furaha, nasikia. Kisha akauliza kama baba yake anakula. Nikamwambia anakula.

Fahmi ameniletea uji, akaketi ukingoni mwa kitanda. Akauliza bintiye alikuwaje siku ile. Nikamjibu vibaya: ungeshuka ungemwona. Akaukoroga uji kwa muda, akitazama ndani ya bakuli.

"Mwambie," akasema.

Nikasubiri nimwambie nini. Uji ukapoa. Akanifuta mdomo, akachukua bakuli, akaenda kazini.