Juu ni Ndiyo, Chini ni Hapana

Jumatatu, 3 Juni 1996

Miezi saba leo tangu kiharusi. Nimemwosha mke wangu Chepngeno, nimemgeuzia ubavu wa kushoto, nimempa uji kwa mpira wa puani — sindano nne za kulishia, polepole. Nikachelewa kufika kituo cha majani chai. Wakulima walikuwa wamepanga mstari na magunia. Mmoja wao, Kimeli, akaanza: karani alikuwa anasuka bibi nywele! Wote wakacheka. Ndiyo, nilikuwa nasuka. Mistari sita, imenyooka. Nikamrudishia Kimeli kilo mbili za majani magumu. Yalikuwa magumu kweli, lakini siku nyingine ningefumba macho.

Alhamisi, 6 Juni

Kina mama wa kanisa wamekuja kumwona. Mmoja ananiambia, mbele ya kitanda: "Alikuwa mtu wa watu." Alikuwa!

Nikawaeleza tena. Ugonjwa umefunga mwili, haukufunga akili. Anasikia kila kitu. Macho ndiyo yanayotii: akitazama juu ni ndiyo, chini ni hapana. Maneno tunaandika kwa kadibodi niliyochora alfabeti. Nataja mstari, kisha herufi moja moja, naye anatazama juu nikifika. Q na X nimeziacha, hatuzihitaji.

Yule mama akamwinamia: "CHEPNGENO! UNANISIKIA?" Kama anayeita mtu ng'ambo ya mto! Nikamwambia huyu si kiziwi, kiziwi ni wewe. Waliondoka bila kumaliza chai. Afadhali.

Jumapili, 9 Juni



Mama mkwe alifika kutoka Sotik na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Nikaenda kuteka maji — dakika kumi na tano tu! Narudi, nakuta amemmiminia maziwa mdomoni kwa kijiko. Chepngeno hawezi kumeza. Midomo ilikuwa imegeuka buluu. Dada yangu Phelis amesimama mlangoni analia badala ya kufanya kitu! Nikamlaza ubavu, nikampiga mgongo, nikamtoa maziwa kwa kidole. Pumzi ikarudi.

Kisha nikasema maneno ambayo mwanaume hamwambii mama mkwe. Nilimwita muuaji. Kibuyu nikakitupa nje, kikapasuka. Yeye akasema tu kwamba mtoto wake hajaonja maziwa ya kwao tangu Novemba.

Sijutii. Naandika tena: sijutii.

Jumatano, 12 Juni

Mama mkwe amerudi, safari hii na mwanawe Kipchirchir. Huyu hakuketi. "Shemeji, tumekuja kuchukua dada. Kuosha mwanamke si kazi ya mwanaume. Na sasa umeanza kutukana mama."

Nikasema: muulizeni mwenyewe! Mnamjadili kama ng'ombe wa mnada!

Mama akamshika shavu. Akauliza kwa Kiswahili, si kwa lugha yao, ili nami nisikie: "Chepngeno, hutaki kurudi nyumbani?"

Akatazama juu.

Mama akapiga makofi. Amekubali! Nikamjibu: amekubali nini? Ameulizwa "hutaki", akajibu ndiyo. Ndiyo, sitaki! Mtu akiulizwa "hujala?" akajibu ndiyo, si ana njaa?

Kipchirchir akacheka. "Hiyo ni Kiswahili ya karani, Onsongo. Jumamosi tunakuja na pikapu."

Nikawafukuza. Mlango niliubamiza mpaka kalenda ikaanguka. Phelis akaniambia nipunguze sauti. Nimempigia kelele naye.

Ijumaa, 14 Juni

Sikwenda kazini. Nimeweka komeo jipya langoni. Waje!

Jumamosi, 15 Juni

Saa moja asubuhi. Naandika nikiwa nimeketi kando ya kitanda. Niliamua kumuuliza mwenyewe, vizuri, bila "hu", mbele ya Phelis awe shahidi. Nilitaka jibu la kuwatupia usoni.

"Unataka kwenda Sotik kwa mama?"

Juu.

Nikadhani hajanielewa. "Unataka kubaki hapa, na mimi?"

Chini.

Nikapiga meza, sindano zikamwagika sakafuni. Phelis akaziokota, akatoka nazo, hakunitazama. Nimekufanyia nini? Miezi saba! Nani amekuosha? Nani amekulisha? Kisha nikachukua kadibodi. Sema basi, kwa nini?

H. A. S.

Nikamkatiza: hasara? Unaona wewe ni hasara kwangu?

Chini. Nikaendelea na mistari.

I. R. A.

Hasira. Nimeiandika hapa jinsi alivyoitaja.

Nikauliza, hasira ya nani? Ya mama? Chini. Ya Kipchirchir? Chini.

Pikapu inapiga honi langoni. Phelis anauliza kutoka nje kama afungue. Chepngeno hajaondoa macho usoni mwangu. Anangoja nitaje jina la tatu.