Kifuniko cha Mwenye Kinu

4 Machi

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Sisi huku wazima, ila mimi roho haitulii. Wiki ya tatu hii tangu urudi chuoni, barua hakuna. Chiriku akinyamaza, mama ndiye anayeugua. Unakula? Macho je, bado yanawasha? Mimi niko na mabati yangu. Mwenye kinu cha unga ameagiza faneli, mdomo ukatwe mshazari, na kifuniko juu. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mama yako

16 Machi

Mama, shikamoo.

Sijambo, nakula. Nilinyamaza kwa aibu. Nimeanguka mtihani wa kujieleza mbele ya walimu. Imebaki nafasi moja, tarehe mbili Aprili. Nikianguka tena, nafungasha virago.

Waliniuliza: ukikata umbo la faneli kwa mshazari, mkato unakuwaje? Nikachora yai, pana upande mmoja, jembamba upande wa pili. Kumbe ni duaradufu, ncha zote mbili sawasawa. Hesabu yake nimeikariri, lakini moyo unagoma. Faneli si inapanuka? Utotoni nilitambaa kati ya faneli zako, mama, halafu zinanigeuka!

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Pole, na usilie. Kumbe ni hilo tu? Mimi nilishakuuguza, nikakuzika, nikakufufua.

Sasa nisikilize mimi wa darasa la nne. Yai lako hilo nililikata kabla hujazaliwa. Niliwaza kama wewe, nikakata kifuniko kipana upande mmoja. Kikaacha mwanya huku, kikajitokeza kule. Marehemu baba yako akasema, "Mke wangu leo umetaga!" Alicheka wiki nzima.

Tangu siku hiyo naulaza mdomo wa faneli juu ya bati, nauzungushia msumari kuchora alama, ndipo nakata. Na kifuniko hicho ukikizungusha, cha mbele kiwe nyuma, kinakaa vilevile. Kwa nini, sijui. Nyinyi ndio wenye vitabu.

Nakutumia faneli na kifuniko chake. Zungusha mwenyewe mpaka moyo ukubali. Angalia kingo, zisikukate.

Mama yako

3 Aprili

Mama, shikamoo sana.

Nimefaulu!

Nilizungusha siku tatu, ndipo nikaona. Upande mpana, mkato unaupitia ubavu wa faneli ukiwa umelala, kwa hiyo unavutika na kuchongoka. Upande mwembamba unaupitia ukiwa umesimama zaidi, unakuwa butu. Kinachoongezwa na upana, mlalo unakipunguza, sawa kwa sawa.

Siku ya mtihani niliiweka faneli mezani. Mwalimu mkuu akazungusha kifuniko, akazungusha tena, akampa mwenzake. Halafu akanitega: je, mshazari ukienda sambamba na ubavu wa pili? Nikasema hapo ni parabola, mkato haufungi kamwe hata faneli iwe ndefu vipi. Umbo lake ndilo la kioo cha ndani ya taa ya gari, kinachonyoosha mwanga mbele. Nikaongeza, "Mama yangu oda hiyo haichukui. Haina kifuniko." Walicheka mpaka miwani ikavuliwa.

Wameomba ibaki darasani. Nimekubali.

Mwanao

12 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Salamu tele. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Sasa nalala. Lakini wewe, unakubali kutoa kitu cha watu bila kuuliza? Ile faneli ni ya mwenye kinu! Alikuja jana kuidai, uso umekunjamana. Nimemwambia avumilie, nakata nyingine. Ya kwanza ilikwenda kufanya mtihani, na imepata kazi hukohuko.

Kula vizuri.

Mama yako